Kwenda Yellowstone, Marekani, na RV: anza na tanki la choo, mandhari baadae

Aisee ukiona zile picha za watu wamekaa nje ya RV (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) wanakunywa chai wanatazama milima, ujue kuna mmoja wao asubuhi alivaa glavu akaenda kumwaga choo. Mi naanzia hapo.

RV ina matenki matatu: maji safi, maji ya kuogea na vyombo, na choo. Ukifika sehemu ya kumwagia unafungua la choo kwanza, likiisha ndo unafungua la maji ya vyombo ili sabuni ioshe bomba. Na hata kama umepaki umeunganishwa na bomba la maji taka usiache valvu ya choo wazi, maji yanatoka yenyewe mzigo unabaki unakaukia ndani, mi nlifanya hivyo safari ya kwanza siku mbili nzima, tuishie hapo.

Haya, Yellowstone yenyewe. Ni hifadhi ya tangu 1872, sehemu kubwa iko jimbo la Wyoming, na kempu zake karibu zote ni kupaki tu, hamna umeme hamna bomba. Yenye vyote ni moja, Fishing Bridge, tena hapo mahema marufuku sababu ya dubu, lazima ulale ndani ya gari lenye kuta ngumu, sio turubai. Inajaa upesi so weka nafasi miezi mingi kabla, na kabla hujakodi gari angalia urefu wake maana nafasi za gari zaidi ya futi 30 (mita 9 hivi) ni chache, na kama unavuta kagari nyuma nako kanahesabiwa. Familia ya wanne futi 25 inatosha kabisa, chukua ile yenye kitanda juu ya dereva, watoto watakigombania.

Barabara ya mzunguko ni kilomita 229 na watu wanasema aah hiyo siku moja tu. Thubutu! Spidi mwisho maili 45 kwa saa, halafu nyati wa kule wakiamua kusimama barabarani mnazima gari mnasubiri. Usishuke kupiga picha, sheria ni mita 23 toka kwa nyati na 91 toka kwa dubu. Foleni ikijaa nyuma yako ingia pembeni wapite, we ndo lori hapo.

Usiku baridi hata Julai, ziwa la hifadhini liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, so jaza gesi ya hita na betri iwe na chaji, feni ya hita inakula betri na jenereta huwashi usiku.

Wanaotaka kuunganisha mpaka hifadhi ya Glacier kule jimbo la Montana: barabara yake ya Going-to-the-Sun Road pale mlimani hairuhusu gari linalozidi futi 21. Iacheni RV kempu, tafuteni gari dogo.