Somo: Muziki wa Baroko kwa dabo besi, tunaanza na Air ya Bach

Habari zenu wadau. Dabo besi ni ile fidla kubwa kuliko zote, Baroko ni mtindo wa muziki wa Ulaya wa zamani, na Bach ni mtunzi Mjerumani wa enzi hizo. Somo hili mmeliomba sana, hasa nyie mliotokea kwenye taarab kama mimi, besi tunaijua vizuri kwa kidole lakini ukipewa upinde na karatasi ya Bach unaanza kuvuta kila noti mpaka tone la mwisho, muziki unakuwa mzito kama gunia lililolowa. Besi ya Baroko inatamka noti halafu inaiachia. Ukilishika hilo mengine yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1, tyuni. Kutoka uzi mnene: E A D G. Vikundi vingi vya Baroko siku hizi vinatyuni A kwenye 415 hezi badala ya 440, yani nusu toni chini. Kama unapiga na kinanda cha kanisani baki 440, usijisumbue.

Hatua ya 2, upinde. Upinde wetu wa siku hizi ni mzito kwa kazi hii, kwa hiyo sogeza mkono kidogo mbele kwenye mti wake, kuelekea ncha, utauona umekuwa mwepesi. Sasa piga D mtupu, yani bila kubonyeza uzi kwa kidole: anza na uzito, kisha punguza papo hapo, uache uzi uitike wenyewe kama kengele iliyogongwa. Fanya hivyo dakika kumi kila siku kabla hujagusa kitu kingine, mi nilifanya mwezi mzima na sijutii.

Hatua ya 3, sasa Air yenyewe, kipande cha polepole cha Suiti namba 3 (suiti ni mkusanyiko wa vipande), ki ya D, yani do ni D. Besi inatembea nusu pigo nusu pigo, nane kwa kila baa. Watu wa kwaya someni kwa sol-fa: do, ti, la, so, ngazi inashuka tu, ila kila noti inapigwa mara mbili kwa okteva, yani noti ileile ya chini na ya juu, do ya chini kisha ya juu, ti ya juu kisha ya chini, la chini juu, so juu chini. Baa ya pili inaendelea na fa, halafu fi (fa iliyopandishwa nusu toni), halafu so. Do ya kwanza ni uzi wa D mtupu na so ya chini ni A mtupu, kwa hiyo mkono wa kushoto unapata nafasi ya kuhama bila pupa. Katika kila jozi noti ya kwanza ina uzito, ya pili nyepesi. Usiziunganishe, acha kaupenyo kadogo ka hewa katikati, fidla huko juu zinashikilia noti ndefu na mwendo wote unautoa wewe.

Hatua ya 4, msikilize mtu wa chelo, ile ndogo kuliko besi yetu. Mnasoma mstari mmoja, wewe unasikika okteva moja chini, mkipishana kidogo tu kila mtu atasikia.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu, noti zikishuka chini ya E na besi yangu ina nyuzi nne nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Piga okteva ya juu, ila pandisha kifungu kizima cha muziki, usiruke katikati yake.

Swali: Kaka lazima nyuzi za utumbo wa kondoo? Niko Tanga.
Jibu: Si lazima. Sauti yake tamu kweli, lakini unyevu wa pwani unazivuruga tyuni kila saa na bei yake si mchezo. Nyuzi za chuma zinatosha, kazi iko mkononi.

Swali: Sehemu za mbio nachelewa, chelo inaniacha.
Jibu: Punguza noti dada, shika zile zinazobeba kodi, yani mseto wa noti zinazolia pamoja. Quantz, mpiga filimbi wa mfalme Frederick wa Prussia, aliwaruhusu wapiga besi hilo tangu 1752.

Swali: Na kutikisa kidole kwenye uzi ili sauti itetemeke?
Jibu: Kidogo sana, kwenye noti ndefu tu.

Swali: Pasaka tunaimba Haleluya ya Handel, mi ndo mpiga besi peke yangu, nianzie wapi?
Jibu: Anzia pale kwaya na ala zote zinapopiga mstari mmoja pamoja. Imba kwanza yale maneno mnayoimba nyie, silabi yenye mkazo ipe upinde, isiyo na mkazo iachie.