Mkokoteni wa ndizi: namna ya kutegua swali la mekanika

Vijana wangu wa tuisheni hapa Majengo, Moshi, hasa wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), wakiona swali la mekanika hukimbilia fomula. Huwa nawanyang'anya kalamu. Soma kwanza: linataka kani (msukumo au mvuto), mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde) au muda? Hiyo ni kazi ya kanuni za Newton. Linakupa hali ya kabla na ya baada tu? Tafuta kinachohifadhiwa. Swali gumu huchanganya yote, basi likate vipande.

Mkokoteni wa ndizi, kilo 60 na mzigo wake, unaachiwa kwenye mteremko wa kutoka Kibosho. Unashuka kimo cha mita 1.8 na kugonga mwingine mtupu wa kilo 30 uliosimama. Inanasana, magurudumu yanakwama, inaburuzika kwenye tambarare. Kizigeu cha msuguano, ile myu, ni 0.4. Itasimama baada ya mita ngapi?

Mteremkoni tunapuuza msuguano, kwa hiyo nishati ya kimo yote inageuka nishati mwendo: mgh = ½mv², ambapo m ni tungamo, g mchapuko wa mvutano, h kimo, v kasi. Tungamo inajikata yenyewe. Kwa g ya 10, v ni mita 6 kwa sekunde. Pembe ya mteremko hukupewa, na wala huihitaji.

Kwenye mgongano ndipo wengi wanapopotea. Wanang'ang'ania nishati, wanapata 4.9, na jibu linapendeza kweli. Lakini mbao zimepasuka, vyuma vimepinda, kelele imesikika hadi sokoni. Nishati mwendo imeishia huko. Kilichosalimika ni momentamu, yaani tungamo mara kasi: kwa kanuni ya tatu ya Newton mikokoteni inasukumana kwa kani zilizo sawa na zenye kupingana, kwa hiyo kwenye jumla zinafutana. Msuguano wa barabara, kwa muda mfupi kama huo, hauna la maana. Basi 60 × 6 = 90v, na v ni 4. Nishati ilikuwa jouli 1,080, sasa ni 720. Ukikuta imeongezeka, rudia hesabu.

Sasa Newton. Chora boksi moja la kilo 90 na kani zinazoliathiri lenyewe tu: uzito newtoni 900 chini, barabara 900 juu, msuguano 0.4 × 900 = 360 nyuma. Ukichora mshale wa mbele eti "kani ya mwendo", nakata maksi bila huruma, nani anausukuma? Mchapuko ni 360 ÷ 90, yaani 4 kuelekea nyuma. Kwa v² = 2as, a ikiwa mchapuko na s umbali, 16 = 8s, s ni mita 2.

Hakiki: newtoni 360 kwa mita 2 ni jouli 720, zilezile zilizobaki baada ya kugongana.