Jinsi ya Kupima Mbegu za Kiume na Kuyaelewa Majibu

Wanandoa wanaokutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12, na mimba isitungwe, wanapaswa kupimwa wote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, wasisubiri kupita miezi 6. Hapa Dodoma bado ni kawaida mke kuzungushwa hospitalini na kwa waganga kabla mume hajapimwa hata mara moja, ilhali katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili mume naye ana sehemu yake. Nguvu za kiume hazithibitishi lolote: mwanaume anaweza kuwa imara kabisa na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Kabla ya kipimo, mume akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Sampuli hutolewa kwa kujichua, katika chombo cha maabara, bila mate wala mafuta, na inatakiwa imfikie mtaalamu ndani ya saa moja ikiwa bado na joto la mwili. Kwa hiyo anayetoka Kondoa au Mpwapwa asiibebe kwenye basi, bali asafiri na kuitolea hospitalini mjini. Matone ya kwanza yakimwagika, aseme bila kuona haya, kwa kuwa ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi.

Majibu huonyesha hasa idadi, mwendo na umbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataja viwango vya chini kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita, asilimia 30 zinazosonga mbele, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Hicho cha mwisho huwatisha wengi: mtu husoma kwamba asilimia 95 ya mbegu zake zina kasoro ya kichwa, shingo au mkia, akadhani yamekwisha, kumbe bado yumo ndani ya kiwango. Hata aliye chini kidogo anaweza kutungisha mimba.

Karatasi moja haitoshi kumhukumu mtu. Mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa, hivyo homa kali ya malaria iliyopita wiki kadhaa nyuma inaweza kuharibu majibu ya leo. Ndiyo maana daktari huagiza kipimo kirudiwe, mara nyingi baada ya miezi 3. Aelezwe yote: kisonono au klamidia, matubwitubwi ya ukubwani, uvimbe wa mishipa ya damu juu ya korodani, sigara, pombe, na hasa sindano za testosteroni za kujaza misuli, ambazo huweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu.

Mbegu zisipoonekana kabisa, uchunguzi wa korodani na kipimo cha homoni kwenye damu husaidia kujua kama njia imeziba au korodani hazizalishi. Njia ikiwa imeziba, huenda ikazibuliwa kwa upasuaji, au mbegu zikachukuliwa kwenye korodani na kurutubisha yai maabara.