Somo: Kujumlisha Matokeo ya Utafiti wa Kimaelezo katika Saikolojia

Kuna sentensi ninayokutana nayo karibu katika kila rasimu ya tasnifu ya utafiti wa kimaelezo, yaani ule unaotegemea maneno ya watu badala ya takwimu: "Kwa kuwa washiriki walikuwa 12 tu, matokeo haya hayawezi kujumlishwa." Kujumlisha hapa ni kusema kwamba ulichokiona kwa washiriki wako kinahusu na kwingine. Huniuma kuisoma sentensi hiyo. Mtu amekaa na watu miezi kadhaa, amesikiliza, amenukuu neno kwa neno, halafu anaomba radhi. Tuifute, tuweke kitu cha kweli zaidi.

Hatua ya 1: Jua unajumlisha kwenda wapi. Mwaka 1993 mtafiti Firestone alitofautisha njia tatu: kutoka sampuli kwenda kundi kubwa, kutoka data kwenda nadharia, na kutoka kisa kimoja kwenda kingine. Ya kwanza inadai sampuli wakilishi, yaani washiriki waliochaguliwa ili wafanane na kundi zima, ambayo kwa kawaida huna. Mbili zilizobaki ziko wazi kwako.

Mfano wa njia ya pili ni mgonjwa aliyejulikana kwa herufi H.M. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa, na baada ya hapo hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za mambo yanayomtokea. Daktari wa upasuaji Scoville na mwanasaikolojia Milner waliandika habari zake mwaka 1957. Baadaye Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku hadi siku mkono ulizidi kuwa mwepesi, ilhali yeye mwenyewe hakumbuki kama amewahi kuifanya kazi hiyo. Hakuna aliyeuliza ni asilimia ngapi ya watu wako kama yeye. Kilichosafiri ni wazo: kumbukumbu si kitu kimoja. Utafiti ule haukuwa wa mahojiano, lakini mantiki ni ile ile.

Hatua ya 2: Eleza mazingira mpaka msomaji ayaone. Lincoln na Guba (1985), walioandika kuhusu mbinu za utafiti, walisema anayejua kama matokeo yanafaa kwingine ni yule anayejua huko kwingine. Wajibu wako ni kumpa maelezo ya kutosha kulinganisha. Tuseme umewahoji wauguzi wa zamu ya usiku kuhusu kuficha uchovu. "Wauguzi 12, wanawake 9" hayo si maelezo. Nani hupanga zamu? Anayelalamika hupatwa na nini? Usiku kuna wauguzi wangapi wodini? Hapo ndipo penye uzito.

Hatua ya 3: Mtafute anayepingana na wenzake. Watu 11 wanaficha uchovu, mmoja anausema waziwazi. Usimfiche kwenye tanbihi. Rudi kwenye mahojiano yake uyasome upya. Huenda ukakuta kwamba kwake mkuu wa wodi siye anayepanga zamu, kwa hiyo kusema hakumgharimu kitu. Mtu huyo mmoja amekuonyesha sharti ambalo wale 11 wasingeweza kukuonyesha.

Hatua ya 4: Andika dai pamoja na sharti lake. Si "wauguzi huficha uchovu", bali "uchovu ulifichwa pale ambapo anayepaswa kuambiwa ndiye mwenye mamlaka juu ya ratiba ya anayesema."

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, naweza kuandika "asilimia 67 ya washiriki"?*
Andika "washiriki 8 kati ya 12". Asilimia humfanya msomaji afikirie kundi kubwa ambalo hukulipima.

*Nikifikisha washiriki 40, je, nitaweza kujumlisha kitakwimu?*
Hapana, kama uliwapata kwa kuelekezwa na marafiki. Tatizo ni namna walivyochaguliwa. Tena 40 wanaweza kukunyima muda wa kusoma kila mahojiano kwa makini.

*Msimamizi wangu anasisitiza niibakize ile sentensi ya "hayawezi kujumlishwa". Nifanyeje?*
Usibishane naye, mpelekee mbadala: "Utafiti huu haukukusudia kukadiria ni wangapi wana hali hii. Unapendekeza maelezo ya jinsi hali hii inavyotokea, na masharti yake." Inakiri mpaka anaoutaka, na inasema ulichokipata.

*Nimesoma utafiti wa walimu kuficha msongo. Naweza kuutumia kwa wauguzi wangu?*
Usianze na kazi zao, anza na masharti. Je, huko nako anayeambiwa ndiye anayegawa vipindi? Kama ndiyo, uchukue kama dhana ya kuanzia, kisha uulize maswali yanayoweza kuivunja. Kama mwandishi hakueleza nani hugawa vipindi, huna cha kulinganisha; utaje tu kama kazi inayokaribiana na yako.