Yaya, kituo au bibi: namna ya kuamua bila kuendeshwa na maneno ya watu

Kabla ya kuuliza nani analea vizuri zaidi, yaya wa nyumbani, kituo cha kulelea watoto au bibi, chukua karatasi upige hesabu ya muda. Mzazi anayeingia kazini saa mbili asubuhi, akatoka saa kumi na moja jioni, na safari ikamla saa nzima kwenda na nyingine kurudi, anahitaji mlezi kwa muda wa saa 11 kila siku. Kwa siku tano ni saa 55. Kituo kinachofanya kazi kwa saa 10 kinamwachia pengo la saa moja kila siku, na hapo ndipo zinapotoka faini za kuchelewa na ugomvi wa nani akamchukue mtoto. Yaya mmoja kwa saa 55 anavuka wiki ya saa 40 hadi 48 inayotambuliwa na sheria za kazi za nchi nyingi, kwa hiyo utamlipa saa za ziada au utatafuta wa kumpokea. Bibi naye, hata awe na nguvu kiasi gani, hawezi kumkimbiza mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa muda wote huo.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Kituo hutoza kwa idadi ya watoto, yaya hulipwa kwa muda. Ndiyo maana kauli ya kwamba yaya ni anasa inaweza kuwa kweli kwa mwenye mtoto mmoja, ikageuka kwa mwenye watatu waliofuatana. Usiishie kwenye mshahara: weka michango ya kisheria, nauli, chakula, na siku za likizo ambazo utamlipa yeye na mtu wa kumshikia nafasi. Upande wa kituo, weka faini na ada ya siku ambazo mtoto anaumwa, kwa kuwa vingi hutoza hata asipokwenda, pamoja na kipato unachopoteza ukibaki naye nyumbani.

Maneno ya watu na uzito wake

“Yaya atakunyang’anya mtoto.” Hili ndilo linalowauma akina mama wengi, na ndilo lenye ushahidi hafifu. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 1991 na kufuatilia watoto zaidi ya 1,300 ulikuta kwamba kulelewa na mtu mwingine, kwa kitendo hicho peke yake, hakuvunji ukaribu wa mtoto na mama yake. Kilichokuwa na uzito ni jinsi mama mwenyewe anavyomwitikia mtoto wanapokuwa pamoja. Waliolelewa mahali penye malezi bora walikuwa mbele kidogo katika lugha, na waliokaa kwa muda mrefu zaidi vituoni walionekana wakorofi kidogo zaidi, lakini mchango wa familia ulikuwa mkubwa kuliko wa aina ya mlezi. Mtoto wa miezi 8 hadi 18 akimlilia yaya anapoondoka, furahi: amepata mtu anayemwamini. (Cha ajabu, hakuna anayeuliza kama yaya atamnyang’anya baba.)

“Yaya yuko peke yake na mtoto, nani anajua anachofanya?” Hapa watu wana hoja. Kesi ya mwaka 1997 huko Massachusetts, ya msichana Mwingereza aliyeshtakiwa kwa kifo cha mtoto mchanga aliyekuwa akimlea, ilikuza hofu hii mbali sana, na mama wa mtoto naye akasemwa hadharani kwa kwenda kazini. Matukio kama hayo ni machache, ila upungufu wa mfumo ni wa kweli: kituoni mlezi aliyechoka anaweza kumkabidhi mwenzake mtoto, nyumbani hana wa kumkabidhi. Kwa hiyo mwambie yaya waziwazi, siku ya kwanza, kwamba mtoto akilia mpaka akamshinda, amlaze chali kitandani pake, atoke chumbani kwa dakika chache na akupigie simu. Asimtikise kamwe, kwa sababu shingo ya mtoto mchanga haijakaza na ubongo huumia haraka.

“Kituoni ni mafua tu.” Ni kweli, hasa mwaka wa kwanza. Watoto wanaoanza mapema huugua zaidi mwanzoni, kisha huelekea kupata mafua machache wakifika umri wa shule. Swali la maana ni nani atakayebaki nyumbani siku hizo.

“Bibi ni bure, tena ni damu.” Damu ndiyo inayofanya iwe vigumu kumsahihisha. Akina bibi wengi walilea wakati ambapo kumlaza mtoto kifudifudi ulikuwa ushauri wa kawaida. Tangu miaka ya 1990 ushauri ni chali, kwenye godoro gumu, bila mto wala midoli. Mpeleke kliniki mkasikie pamoja kutoka kwa muuguzi, yasitoke kinywani mwako. Kagua pia mahali anapoweka dawa zake.

Ukimchagua yaya

Usiulize kama anapenda watoto. Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza matukio. Mtoto wa miezi tisa amepaliwa na hatoi sauti, utafanya nini? Jibu unalolitaka: amlaze kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, ampige mgongoni kati ya mabega mara tano, amgeuze, abonyeze katikati ya kifua mara tano, arudie huku akiita msaada. Asipojua, usimkatae kwa hilo. Mlipie mafunzo ya huduma ya kwanza na uhudhurie naye.

Wapigie simu waajiri wake wawili wa mwisho na uulize swali moja zaidi ya yale ya kawaida: “Ungemwajiri tena?” Kimya kirefu kabla ya jibu kinasema mengi. Kisha mpe wiki ya majaribio yenye malipo, siku mbili za mwanzo uwepo nyumbani bila kuingilia. Angalia kama anazungumza na mtoto anapombadilisha nepi, na simu yake iko wapi.

Mayaya wengi wazuri huondoka kwa sababu kazi huvimba. Aliajiriwa kulea, mwezi wa pili anafua nguo za nyumba nzima, wa tatu anapikia wageni, na mtoto anabaki mbele ya televisheni kwa kuwa mikono yake imejaa. Lawama inamwangukia yeye. Andika kwenye mkataba kazi anazofanya na asizofanya, saa ya kuanza na kumaliza, tarehe ya mshahara, na muda wa taarifa kabla ya kuachana. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na abaki na vitambulisho vyake mwenyewe. Ukitaka kuweka kamera, mwambie, na usiiweke anapolala wala bafuni.

Maziwa yaliyokamuliwa yana kanuni yake, ibandike kwenye friji: saa 4 nje ya friji kama joto halizidi nyuzi 25, siku 4 ndani ya friji, na yaliyobaki kwenye chupa baada ya kunyonya yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe.

Ukichagua kituo

Usiende kwa miadi tu. Rudi mara ya pili wakati wa chakula au wa kuchukua watoto. Hesabu vichwa. England inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Hata kama unaishi kwingine, tumia kipimo hicho kujua kituo chako kimekikaribia kiasi gani. Tazama kama mlezi ananawa mikono baada ya kila nepi, na uliza walezi wangapi wameondoka mwaka uliopita. Kisha uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto na wanamtambuaje. Mlezi akikujibu “tunawajua wazazi wote”, hawana utaratibu.

Chochote utakachochagua, tafuta sasa mtu wa pili, siyo asubuhi ya homa. Mpe namba ya daktari, kadi ya kliniki na ufunguo, na mtoto akae naye nusu siku mara mbili kwa mwezi ili sura yake isiwe ngeni.