Tozo Akija Usiku: Namna ya Kumdhibiti Paka Shume Anayewaonea Paka Wako

Mara ya kwanza nilidhani ni mwizi. Saa nane usiku, bati la jiko la uani likalia kama mtu kaangusha gunia la nazi, kisha ukafuata ule mlio wa paka unaoanza chini kama mtoto anayedeka na kupanda hadi mwili unasisimka. Nikatoka na tochi ya simu, kanga kifuani, mwiko mkononi. Juu ya pipa la maji kakaa dume la rangi ya majivu, mashavu yamejaa, sikio moja limechanika. Chini, Mstahiki wangu kajibana nyuma ya jiko la mkaa, mkia umetimka kama fagio la chelewa. Lile dume halikukimbia. Lilinitazama, likainuka taratibu, likaukojolea ukuta wangu, ndipo likaondoka.

Watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina. Walimwita Tozo, kwa sababu hakuna sufuria aliyoipitia asikate chake.

Ninakaa Ngamiani, hapa Tanga, nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na uani mrefu, na huo uani ndiyo ofisi yangu: nakaanga samaki wa kuuza. Nina paka wawili, Mstahiki dume na Halua jike. Kwa miezi mitano Tozo alitunyima usingizi sote. Haya ninayoandika nimeyajua kwa kukosea kwanza, kwa hiyo ukiweza anzia pale nilipoishia mimi.

Jua anafuata nini

Shume hakuchukii wewe wala paka wako. Kuna kitu anakifuata, na usipokijua utapigana naye mpaka uchoke. Nilichukua kipande cha mkaa, nikawa naandika ukutani saa anazokuja. Wiki moja tu mambo yakawa wazi. Anakuja baada ya Isha, nikishamwaga matumbo ya samaki, na anarudi kabla ya Alfajiri. Halafu kuna siku anashinda hapo hapo, mchana na usiku. Siku hizo ndizo Halua anapolia, anajiviringisha sakafuni na kuinua kiuno. Jike akitaka dume harufu yake husafiri mbali, na asipopandwa hali hiyo humrudia baada ya wiki mbili tatu. Huku kwetu, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hana msimu wa kupumzika. Kumbe nilikuwa nimemwalika mgeni kwa chakula na kwa mchumba, kisha namfukuza na mwiko.

Jambo la tatu ni mpaka. Mstahiki naye alikuwa dume kamili, na madume wawili kamili hawakai uani mmoja kwa amani. Kila anapokojoa huyu, yule anakuja kukojoa juu yake.

Uliza pia kama ana mwenyewe. Mie nilipozunguka kuuliza nikakuta Tozo ana majina manne. Mama mmoja wa barabara ya nyuma anamwita Baba na kumpa maziwa kila asubuhi.

Mtazame na afya. Dume mgomvi huwatafuta paka wenzake. Ukiona paka anayewarukia watu bila kuchokozwa, anadondosha mate, anapepesuka, au sauti yake imebadilika, hapo usijaribu chochote cha humu. Ingiza watoto na paka wako ndani, mpigie bwana mifugo wa kata. Kichaa cha mbwa hakibagui, paka nao hukipata.

Wakishikana

Usitie mkono. Nakuambia hivi kwa kidole changu cha shahada, ambacho mpaka leo hakikunji vizuri asubuhi. Niliingiza mkono kumtoa Mstahiki, sijui hata ni yupi kati yao aliyeniuma. Jino la paka ni jembamba kama sindano, linaacha tundu dogo juu na uchafu mwingi chini. Kufika magharibi kidole kilikuwa kama muhogo. Ukiumwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, usipake majivu wala mafuta ya taa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Waambie umeumwa na paka wa mtaani, wakuangalizie sindano za kichaa cha mbwa. Ni za tarehe kadhaa, na usiruke hata moja, kwa sababu ugonjwa ule dalili zikishaanza hauna tiba.

Kinachoamua ugomvi ni kelele, maji na sinia. Gonga mifuniko miwili ya sufuria. Wasipoachana, mwagia ndoo ya maji. Wakiachana wakabaki wanatazamana, hapo ndipo pa hatari, maana watarukiana tena. Teremsha sinia la pilau katikati yao kama ukuta. Paka asiyemwona mwenzake hupoa haraka. Ukiwa na sinia hilo, msukume wako pole pole mpaka mlangoni, ufunge.

Kisha mwache. Najua unataka kumbeba na kumwambia pole, lakini damu yake bado inachemka na atakukwarua. Mpe chumba chenye giza, maji, na saa moja au mbili za utulivu.

Kilichonishangaza kuliko vyote kilitokea baada ya ugomvi. Mstahiki alitoka chumbani, akamkuta Halua, ambaye wamelala kikapu kimoja tangu wadogo, akamvamia kama hamjui. Siku tatu nzima wakawa wanazomeana. Mama mkwe akasema wamerogwa. Sababu ni kwamba hasira ya Tozo ilikuwa haijamtoka, akaimalizia kwa aliye karibu. Hata kumwona shume dirishani tu, bila kugusana, kunaweza kuwafanya hivyo paka wa nyumba moja. Ikikutokea, watenge vyumba viwili, wabadilishie vitambaa wanavyolalia ili wanuse harufu zao, walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Wakila bila kunguruma siku mbili, fungua mlango kidogo. Na lile dirisha liwekee pazia.

Baada ya hapo kagua mwili: shingo, miguu ya mbele, na mzizi wa mkia, ambapo huumwa wanaokimbia. Tundu hufunga kwa siku moja na usaha hubaki ndani. Siku ya tatu utaona uvimbe wa moto, paka hali, anajificha. Ukiliona tundu mapema, chemsha maji, tia kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, yakiwa vuguvugu safisha. Jipu likishatunga ni la daktari wa mifugo, usilitumbue.

Jirani alinishauri nimpe nusu ya Panadol apoe maumivu. Nilishaivunja, bahati nikampigia daktari kwanza. Alinifokea. Mwili wa paka hauwezi kuisaga dawa hiyo, na kidonge kimoja cha watu wazima kinaweza kumuua. Vivyo hivyo ile dawa ya vidonda inayogeuka nyeupe ukiitia maji: paka atailamba na itamdhuru.

Yale ambayo watu watakushauri

Utaambiwa pilipili. Itamwasha wa kwako, maana yeye ndiye anayeshinda pale. Maganda ya ndimu na machungwa yanafanya kazi kidogo, mpaka yakauke. Kandambili ya kurusha inakupa wewe nafuu ya moyo, basi.

Kuna la kumtia guniani na kwenda kumtupa. Nilifanya, sitakuficha. Kijana wangu alimpeleka mpaka Kange, kule stendi ya mabasi. Usiku wa tano walikuwepo madume wawili wapya juu ya bati langu wakigombea nafasi iliyoachwa wazi, na siku ya kumi na mbili Tozo akarudi kwa miguu yake, amekonda, ana hasira zaidi. Nikawa nao watatu.

Na kuna la sumu ya panya ndani ya dagaa. Aliyenishauri alidhani ananisaidia. Nikamuuliza kuku wa babu wa jirani watakula wapi, na watoto wanaotambaa uani je. Isitoshe nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sisi tulioenda madrasa tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha.

Babu mwenyewe, nilipokwenda kumsalimia na kumweleza, aliitikia marahaba, akanyamaza, kisha akasema, "Huyo si paka bure, mwanangu." Labda. Lakini hata asiye bure anakula matumbo ya samaki.

Uani kwanza

Ndoo ya matumbo na magamba nimeitafutia mfuniko, juu jiwe, na inatoka nyumbani kabla ya magharibi. Chakula cha paka wangu kinaliwa ndani, dakika ishirini, kisha sahani naiondoa. Pipa la maji nililisogeza mbali na ukuta kwa sababu ndilo lilikuwa ngazi yake. Uwazi kati ya bati na ukuta nimeuziba kwa wavu wa kuku. Paka wangu wanaingia ndani magharibi na kutoka kumeshapambazuka. Usiku wana beseni lenye maranda ya kwa fundi seremala.

Mkojo wa dume ni kazi ya peke yake. Usipouondoa, yeye na wengine wataendelea kuujibu. Sugua kwa maji na sabuni, suuza, kisha pangusa na siki, acha jua likaushe. Dawa zenye harufu kali ya amonia zinanuka kama mkojo wenyewe, zitamfanya akojoe tena. Na siki usiichanganye na dawa ya kung'arishia nguo, moshi wake unaumiza kifua.

Haya peke yake yalimpunguza Tozo, akawa haji kila usiku. Hayakumwondoa.

Kumhasi

Hapa ndipo ningeanzia kama ningekuwa na akili ya leo. Dume akihasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kukojolea kuta. Tena magonjwa mengine ya paka, pamoja na ule wanaouita ukimwi wa paka (hauambukizi watu), hupita kwenye majeraha ya kuumana, kwa hiyo kila ugomvi unaopungua ni faida.

Panga na daktari wa mifugo kwanza, mkubaliane siku. Usimkamate halafu ndiyo uanze kutafuta namba. Mimi nilimlisha Tozo vichwa vya vibua siku kumi mfululizo, saa ile ile, mahali pale pale, nje ya lango na si mlangoni pangu. Siku ya sita nikaweka chakula chini ya tenga la kuku lililoegeshwa kwa kijiti, nikamwacha ale aondoke. Siku ya kumi kijiti kikawa na kamba, kamba mkononi mwangu, mimi nyuma ya mlango nimeshika pumzi kama mtoto anayetega njiwa. Likianguka, funika gunia papo hapo, giza humtuliza. Kisha penyeza ubao chini, funga kamba. Tenga la fito peke yake alilitafuna, ikabidi nimfunikie la pili juu yake. Mwenye mfuko mzuri amwambie fundi wa kuchomelea amtengenezee kizimba cha waya. Baada ya hapo asile kitu mpaka asubuhi apelekwe.

Daktari alitaka shilingi 40,000, na bajaji juu yangu. Nikapita nyumba za jirani na daftari. Wengine walicheka. Nikawaambia tunachanga harusi za watu tusiowajua, tushindwe kumchangia Tozo anayekula kwetu sote? Ilipatikana 31,000. Mama anayemwita Baba alitoa 5,000 huku macho yamemlenga lenga.

Daktari alimdunga usingizi, kazi yenyewe haikufika nusu saa. Akamchanja kichaa cha mbwa, akamkata ncha ndogo ya sikio la kushoto akiwa bado kalala, iwe alama kwamba ameshahasiwa, ili mtu mwingine asije akamkamata bure. Kesho yake nikamwachia pale pale nilipomkamatia. Ukimwachia kwingine umerudi kwenye gunia la Kange.

Usitegemee muujiza. Wiki ya kwanza alikuja akaukojolea ukuta ule ule, nikataka kulia. Nguvu za udume huisha mwilini taratibu, hesabu mwezi na zaidi. Mstahiki nilimpeleka wiki iliyofuata. Halua alisubiri mwezi, maana wa jike ni upasuaji wa tumbo na bei yake iko juu. Alikaa ndani siku kumi, nimemvisha mkono wa fulana kuukuu asilambe nyuzi.

Kwenye wiki ya saba hivi nikaanza kulala. Tozo sasa amenenepa, anakula saa kumi na moja jioni nje ya lango na kwenda kulala barazani kwa yule mama. Mstahiki humtazama kutoka dirishani, akichoka anajilamba mguu. Marafiki si marafiki, ila hakuna anayepiga kelele.

Juzi nimeona paka dume kijana, mwekundu, anapita juu ya ukuta wa babu, hata hajakomaa mashavu. Nimeshaanza kumwekea vichwa vya vibua. Sinia bado liko nyuma ya mlango wa uani.