Mjaribu programu katika mifumo ya simu: fuatilia simu moja hadi kwenye salio

Mjaribu programu anayehamia kwenye mifumo ya kampuni za simu kwa kawaida hukabidhiwa orodha ndefu ya vifupisho na kuambiwa avikariri. Ushauri wangu ni kwamba aiweke orodha hiyo kando kwa muda, achague simu moja iliyopigwa katika mazingira ya majaribio, kisha aifuatilie tangu mpigaji alipobonyeza kitufe hadi salio lilipopungua. Vifupisho vitajileta vyenyewe, kila kimoja mahali pake. La muhimu zaidi, ataona mapema kwamba hitilafu nyingi za fani hii hujificha pale ambapo mfumo mmoja unaukabidhi mwingine taarifa.

Anza na utambulisho. Watu wanamjua mteja kwa namba yake ya simu, lakini mtandao unamtambua kwa IMSI, yaani namba isiyozidi tarakimu 15 iliyohifadhiwa ndani ya laini: tarakimu 3 za mwanzo ni za nchi, 2 au 3 zinazofuata ni za mtandao, na zilizobaki ni za mteja mwenyewe. Namba ya simu, ambayo wahandisi huiita MSISDN, nayo haizidi tarakimu 15 ukihesabu na msimbo wa nchi. Kadi ya laini ina namba yake ya utambulisho, ICCID, ambayo mara nyingi ni ya tarakimu 19 au 20, na kifaa kina namba yake, IMEI, ya tarakimu 15, ambayo tarakimu yake ya mwisho hukokotolewa kwa kanuni ya Luhn ili kubaini makosa ya uandishi. Mteja akipoteza laini na kupewa nyingine, MSISDN inabaki ileile huku IMSI na ICCID zikibadilika. Akinunua kifaa kipya, IMEI peke yake ndiyo inayobadilika. Kwa hiyo jaribio la kubadilisha laini halikamiliki mteja anapoweza kupiga simu tena. Ni lazima uthibitishe pia kwamba salio na vifurushi vyake vimemfuata, na kwamba laini ya zamani imekataliwa na mtandao.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Programu ya majedwali kama Excel hutunza tarakimu 15 tu kwa usahihi, hivyo ICCID ikifunguliwa humo kama namba ya kawaida, tarakimu zake za mwisho hugeuka sifuri. Tunza vitambulisho vyote kama maandishi, katika data zako za majaribio na katika hifadhidata unayoijaribu. Ndivyo pia utakavyolinda sifuri za mwanzo, kwa sababu msimbo wa mtandao 01 na msimbo 001 si kitu kimoja.

Sasa rudi kwenye ile simu. Ikiwa mteja analipa kabla, mtandao hauruhusu mazungumzo mpaka uulize mfumo wa kutoza kama salio linatosha. Katika mitandao mingi swali hilo husafiri kwa itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya mifumo) ya Diameter, kwa ujumbe wa aina tatu: wa kufungua, wa kuendeleza na wa kufunga. Mfumo wa kutoza haukati pesa zote mwanzoni, bali hutenga kiasi fulani, tuseme thamani ya dakika moja, na kiasi hicho kikikaribia kwisha mtandao huomba kingine. Utengaji huu ndio moyo wa kazi yako, na usiridhike na simu iliyoanza vizuri na kuisha vizuri. Chukua mteja mwenye salio la 100, mfumo utenge 60 kwa ajili ya simu, kisha fungua intaneti kwenye laini hiyohiyo wakati mazungumzo yanaendelea: intaneti isipewe zaidi ya 40. Halafu kata mawasiliano ghafla, ili ujumbe wa kufunga usifike kabisa. Je, zile 60 zinarudi kwenye salio muda uliowekwa ukiisha, au zinabaki zimefungiwa hadi mteja alalamike? Mwisho tuma ujumbe uleule mara mbili, wenye kitambulisho kimoja cha kikao na namba moja ya ombi, kama inavyotokea jibu linapochelewa na mtandao ukarudia ombi, na uhakikishe salio limepungua mara moja tu.

Sambamba na hayo, vifaa vya mtandao huandika kumbukumbu ya simu iitwayo CDR, ambayo hutaja nani alimpigia nani, lini na kwa muda gani. Simu ndefu hukatwa katika kumbukumbu kadhaa, ili mtambo ukizimika taarifa zote zisipotee, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tuseme simu ya sekunde 7,220 imegawanywa katika kumbukumbu nne za sekunde 1,805 kila moja, na bei ni kwa dakika, sehemu ya dakika ikihesabiwa kuwa dakika nzima. Mfumo unaounganisha vipande kabla ya kukadiria bei utapata dakika 121, ilhali unaokadiria kila kipande peke yake utapata 31 mara nne, yaani 124. Kosa la dakika tatu halionekani katika jaribio la simu ya dakika mbili, kwa hiyo usiishie kwenye sekunde 59, 60 na 61, ingawa nazo ni za lazima. Ongeza simu inayovuka saa sita usiku, nyingine inayovuka mwisho wa mwezi, na nyingine iliyopigwa mteja akiwa nchi nyingine yenye saa tofauti.

Kwa upande wa data, uliza swali moja kabla ya kuandika jaribio lolote: megabaiti katika mkataba huu ni baiti 1,000,000 au 1,048,576? Kwenye gigabaiti tofauti hiyo hupita asilimia 7.

Ujumbe mfupi unaonekana rahisi, na kwa sababu hiyo haupewi muda wa kutosha. Ujumbe mmoja hubeba baiti 140, ambazo ni herufi 160 za alfabeti ya GSM, yaani alfabeti ya kawaida ya ujumbe mfupi, au 70 ikiwa kuna hata herufi moja iliyo nje ya alfabeti hiyo. Maandishi yakizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153 au 67, kwani sehemu ya nafasi hutumika kuunganisha vipande. Alama kama € na mabano ya mraba zimo katika nyongeza ya alfabeti hiyo na huhesabiwa kuwa mbili. Mfano mzuri upo katika lugha yetu wenyewe: neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka halina tatizo, lakini programu ya uandishi ikiibadilisha kuwa ritifaa iliyopinda, ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unageuka kuwa vipande vitatu, na mteja anatozwa mara tatu. Jaribu zote mbili.

Jambo jingine linalopaswa kuchorwa kwenye karatasi kabla ya kujaribiwa ni hali za laini: haijawashwa, hai, imezuiwa kupiga lakini inapokea, imesimamishwa, imefungwa. Hali hiyo hutunzwa katika mfumo wa huduma kwa wateja, katika mfumo wa kutoza na katika daftari la wateja la mtandao, liitwalo HLR au HSS, na kila badiliko lina hatari ya kufika kwa wawili na kumkosa wa tatu. Usiamini kioo cha mfumo mmoja. Uliza sehemu zote tatu, kisha piga simu. Namba iliyofungwa ikigawiwa mteja mwingine, hakikisha hakuna deni, kifurushi wala huduma ya mwenye namba wa zamani iliyobaki nayo. Na katika hali zote simu ya dharura isizuiwe kwa kukosa salio.

Unapoona matokeo yasiyoeleweka, fungua mawasiliano yenyewe kwa Wireshark, programu ya kuchunguza ujumbe unaopita kwenye mtandao, ambayo husoma Diameter, SIP (itifaki ya kuanzisha simu za intaneti) na itifaki za zamani za simu ziitwazo SS7, kabla hujaandika ripoti. Katika Diameter, msimbo 2001 ni wa mafanikio, 4012 ni wa salio kuisha, na 5030 ni wa mteja asiyejulikana na mfumo wa kutoza. Programu ikimwonyesha mteja maneno "huduma haipatikani" kwa misimbo hiyo miwili ya mwisho, ripoti yako itaje msimbo uliouona na saa ulipopita, ili mtengenezaji programu aupate katika kumbukumbu za mfumo wake bila kukuuliza tena.